Muziki wa Ainur: Melkor aliharibu kweli au naye alikuwa ndani ya mpango?

msomaji_usiku
Wakuu habari zenu. Nimerudia kusoma mwanzo wa Silmarillion, kitabu cha Tolkien, pale Ilúvatar, yaani Mungu muumba, anawapa Ainur, roho alizoziumba kwanza, wimbo waimbe halafu Melkor, mmoja wao, anaanza kuchomekea ya kwake. Ilúvatar anasimamisha muziki anamwambia hakuna wimbo usio na chanzo kwake, na anayejaribu kuubadilisha atajikuta amekuwa chombo chake cha kuleta mazuri zaidi. Sasa kama ni hivyo Melkor analaumiwa kwa lipi? Mateso yote yale yalishapangwa?

tarishi
Mkuu, nenda pale kwenye theluji, muziki unapogeuka kuwa maono ya dunia. Ilúvatar anamuonesha Ulmo, yule wa maji, baridi kali ya Melkor imefanya nini: maji hayajafa, yametoa theluji na barafu, na joto lake limepandisha mawingu na mvua. Ulmo mwenyewe anasema maji yamekuwa mazuri kuliko alivyowahi kuyawaza. Lakini Melkor hakuwa anatafuta theluji, alikuwa anatafuta kuharibu. Nia ni yake, kilichotokea si chake, na mtu analaumiwa kwa nia.

nyota_saba
Theluji ni mfano mwepesi sana tarishi, huwezi kumpa huo aliyefiwa na watoto vitani. Mimi naona jibu liko kwenye wimbo wa tatu, ule Ilúvatar anaouleta baada ya Melkor kuvuruga tena. Angalia Ilúvatar anavyojibu, hapandishi sauti kumzidi Melkor, analeta kitu laini, cha taratibu, chenye huzuni, na uzuri wake unatoka hasa kwenye hiyo huzuni. Melkor anapiga kelele kama tarumbeta nyingi zinazorudia noti zilezile, na zile noti zake za ushindi kabisa zinachukuliwa zinafumwa humohumo. Na ndio wimbo walioingia nao Elves, jamii ya viumbe wasiokufa kwa uzee, na wanadamu, hakuna Ainur aliyeshiriki kuwaumba. Yani sisi tumetoka kwenye jibu la Ilúvatar, hatukutoka kwenye uharibifu.

kale_kale
Hapo kwenye wimbo wa tatu nakubali kabisa. Niongezee kitu kimoja, Tolkien mwenyewe alihangaika na swali hili. Kwenye rasimu yake ya kwanza, ya miaka ya 1918 hadi 1920 hivi, iliyochapishwa 1983, Ilúvatar anataja ukatili na maumivu waziwazi halafu anasema yamepitia kwa Melkor ila hayakutoka kwake. Kwenye toleo la 1977 tunalosoma wengi kauli hiyo haipo. Kwa maoni yangu aliiondoa kwa sababu ilimpunguzia Melkor hatia.

msomaji_usiku
Aisee hiyo rasimu sikuijua, naitafuta. Nyota, umenishika pabaya na wimbo wa tatu maana nilikuwa nauchukulia kama pambo tu. Ila bado nina swali: kama huzuni imo kwenye jibu la Ilúvatar mwenyewe, ingekuwemo hata Melkor asingeimba vibaya?

nyota_saba
Mimi nadhani hapana. Wimbo wa kwanza ulikuwa hauna dosari mpaka alipoingia yeye, na huzuni hatuisikii mpaka huo wa tatu.