Ofisi za parokia huku Moshi: acheni kutuandikia "HAIPO" kabla hamjafungua vitabu

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko na sitapunguza ukali.

Mtu anateremka kutoka Rombo na gari la kwanza, au amesafiri usiku kucha kutoka Dar, kuja kutafuta kumbukumbu ya ubatizo wa baba wa babu yake kwenye vitabu vya parokia. Ana jina la ubatizo, ukoo na kijiji. Anaulizwa tarehe ya kubatizwa. Hana. "Basi lete tarehe kamili." Angekuwa nayo angekuja kutafutiwa nini? Mwingine anapewa kikaratasi chenye neno moja, HAIPO, na mhuri juu yake. Hakuna palipoandikwa kitabu kipi kilifunguliwa, cha miaka ipi, wala jina lilitafutwa kwa tahajia gani. Ndugu yake akija mwakani anaanza sifuri.

Jibu la kumpa mtu ni kama hili: "Kitabu cha pili, 1905 hadi 1912, fahirisi na kurasa zote zimesomwa, hakuonekana." Mistari miwili tu. Kwa nini inashindikana?

HAIPO nyingi za uongo zinatokana na fahirisi, yaani orodha ya majina ya kitabu. Vitabu vya Kikatoliki vya zamani viliandikwa kwa Kilatini mpaka miaka ya 1960, na fahirisi zake mara nyingi zimepangwa kwa jina la ubatizo, siyo kwa ukoo. Ukifungua M kumtafuta Massawe hutampata hata ukeshe. Na jina la ubatizo nalo limeandikwa Kilatini. Karoli yuko C kama Carolus, Filipo yuko P kama Philippus, Yakobo na Yohane wako J au I, Wilhelmu yuko G kama Guilelmus. Luisi ni mtihani: anaweza kuwa Aloysius kwenye A au Ludovicus kwenye L. Karani asiyejua hili anafunga kitabu baada ya dakika tano na dhamiri safi.

Hata ukoo usiutegemee. Waliobatizwa wakiwa watu wazima mara nyingi wameandikwa jina la ubatizo, jina la Kichagga na jina la baba, basi. Kwa hiyo waulizeni wazee jina la nyumbani la marehemu na la baba yake kabla hamjapanda gari. Hilo jina moja lina thamani kuliko ukoo mzima wa akina Mushi.

Kuhusu tarehe: ukikuta "7bris" hiyo ni Septemba, siyo Julai. "8bris" ni Oktoba, na "Xbris" ni Desemba. Kuna vyeti vimetolewa na mwezi wa saba kwa kosa hili. Watu wazima walikaa kwanza ukatekumeni, yaani mafundisho ya kabla ya ubatizo, halafu wakabatizwa kwa makundi, hasa Pasaka, Pentekoste, 15 Agosti na Noeli; anza na kurasa za sikukuu hizo. Aliyebatizwa na katekista nyumbani akiwa mahututi ana alama ya "in periculo mortis", na huenda aliingizwa kitabuni baadaye sana, nje ya mfululizo wa tarehe.

Sasa, asiye na tarehe afanyeje? Arudi nyuma ngazi kwa ngazi, na hili ndilo ofisi zinatakiwa kumwambia mtu badala ya kumfukuza. Anza na ubatizo wa mtoto wa marehemu ambaye mwaka wake unajulikana. Hapo utapata majina ya wazazi kama yalivyoandikwa enzi hizo. Kisha fungua kitabu cha ndoa, anza mwaka wa mtoto wa kwanza, rudi nyuma miaka mitano. Ndoa itakuonyesha kila mmoja alibatizwa wapi, mara nyingi pamoja na namba ya ubatizo. Namba hiyo ukiipeleka kwenye parokia husika, ni kufunua ukurasa tu. Sheria ya Kanisa inataka ndoa na kipaimara viandikwe pembeni ya ubatizo wa mhusika, kwa hiyo pembeni ndipo unapothibitisha kwamba Yosefu huyu ndiye, siyo Yosefu wa jirani.

Kama hata mwaka wa ndoa haujulikani, waulizeni wazee kwa matukio: kabla ya Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, kunyongwa, 1900? Kabla ya reli kufika Arusha, 1929? Kabla ya KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, 1933?

Parokia nayo iangaliwe. Kilema ilianza 1891, Kibosho 1893, misheni ya Rombo 1898. Parokia nyingi za leo zilikuwa vigango, na ubatizo wa kigangoni uko kwenye kitabu cha parokia mama. Kwa upande wa Arusha, jimbo lilianzishwa 1963, kabla ya hapo ni Moshi.

Kwa Walutheri, badala ya parokia tafuta usharika. Wamisionari wa Leipzig, kutoka Ujerumani, walifika Machame 1893, Mamba 1894, Old Moshi 1896, Nkoaranga 1902, Ilboru 1904. Tahajia ni ya Kijerumani: "sch" ni sh, "j" ni y, Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame. Katika mwandiko wao wa zamani herufi e inafanana na n, kwa hiyo msimkatae mtu kwa herufi moja.

Kinachoniuma zaidi ni vitabu vilivyochakaa kunakiliwa upya bila maandishi ya pembeni na bila namba za zamani, kisha cha asili kinatupwa stoo kiliwe na mchwa. Mnakuwa mmekata ngazi yote niliyoeleza hapo juu. Na kuna wanaoandika cheti kwa tarehe ya kukadiria ili mteja aondoke. Cheti hicho kinapelekwa kwenye mirathi! Ni uongo wenye mhuri.

Kitabu kikipotea kweli, bado kuna njia. Sheria ya Kanisa ya 1917 iliagiza parokia ipeleke nakala kwa askofu kila mwisho wa mwaka. Ombeni jimboni kwa barua mkitaja parokia na miaka.

Mnaokwenda, chukueni barua ya utambulisho ya paroko au mchungaji wenu, andikeni majina kwa tahajia zote mnazozijua, na msipige picha kitabu bila ruhusa. Desemba msiende kabisa, watu wote wamepanda nyumbani na ofisi imejaa ndoa na vipaimara.

Aliyepewa HAIPO aweke hapa jina la ubatizo la marehemu, kijiji, makadirio ya miaka na kitabu kilichofunguliwa kama anakijua. Majina ya walio hai msiweke. Tutaangalia herufi moja baada ya nyingine.