OKT3: kwa nini dozi ya kwanza ndiyo ilikuwa ya hatari?

Msomaji_wa_Figo: Wakuu, OKT3 (muromonabu-CD3), kingamwili iliyotumika kama dawa ya kuzuia kinga ya mwili isishambulie figo iliyopandikizwa, ilitolewa miligramu 5 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Dozi ni ile ile, iweje madhara makali yawe siku ya kwanza? Na kwa nini wengine hawakuweza kupewa tena?

Kingamwili: Kwa sababu dawa hii huziamsha seli T (askari wa kinga wanaoshambulia figo ngeni) kabla ya kuzizima. Inashika CD3, protini ya usoni mwa seli iliyoungana na kipokezi cha seli T. Mkia wa dawa nao hushikwa na seli nyingine za kinga, vipokezi vinakusanywa pamoja, na seli T inadhani imekutana na adui. Inamwaga saitokini, yaani kemikali za kuamsha kinga: TNF, intaferoni-gama, IL-2. Dakika 30 hadi 60 baadaye mgonjwa anatetemeka kwa homa. Kufikia dozi ya pili seli T zimekwisha kutoweka kwenye damu, kwa hiyo wa kuamshwa ni wachache.

Kilichoua kilikuwa maji kwenye mapafu, hasa kwa mgonjwa aliyekwisha kujaa maji kwa kuwa figo haifanyi kazi. Ndiyo maana ya masharti yale: eksirei ya kifua iwe safi ndani ya saa 24 kabla ya dozi, na uzito usizidi kwa zaidi ya asilimia 3 ule wa chini kabisa wa siku saba zilizopita. Methiliprednisoloni (steroidi ya kutuliza kinga) miligramu 8 kwa kilo ya uzito ilitolewa saa 1 hadi 4 kabla. OKT3 yenyewe ilisukumwa mshipani chini ya dakika moja, haikuchanganywa kwenye dripu.

Maabara2: Nijibu la pili. OKT3 ni protini ya panya, na mwili huitengenezea kingamwili za kuipinga. Kipimo cha kingamwili hizo kilipofika 1:1000 au zaidi (bado zinaonekana damu ikizimuliwa mara elfu), haikurudiwa: dawa ingezimwa kabla ya kufika kwenye seli. Wakati wa tiba lengo lilikuwa seli za CD3 zibaki chini ya 25 kwa milimita moja ya ujazo. Mtego upo hapa: baada ya siku chache seli T hurudi zikiwa zimepoteza CD3 usoni, lakini CD4 na CD8, alama nyingine za seli T, bado zipo. Ukihesabu CD4 utadhani dawa imeshindwa, kumbe inafanya kazi.

Msomaji_wa_Figo: Asante sana. Basi basiliksimabu, kingamwili iliyokuja baadaye, ilitatua yote?

Kingamwili: Hapana ndugu, kazi ni tofauti. OKT3 iliidhinishwa Marekani mwaka 1986 kuzima shambulio ambalo limeshaanza. Basiliksimabu (1998) ni ya kukinga: miligramu 20 ndani ya saa mbili kabla ya upasuaji, na 20 nyingine siku ya 4. Inaziba CD25, kipokezi cha IL-2 kwenye seli T, bila kuiamsha seli, na sehemu kubwa ya protini yake ni ya binadamu. Shambulio likishapamba moto, si ya kuikimbilia. OKT3 yenyewe iliondolewa sokoni mwaka 2010.

Maabara2: Nyongeza kuhusu homa. Ikizidi nyuzi 37.8 ilishushwa kwanza ndipo dozi itolewe. Na homa ya siku ya nane usiibebeshe saitokini. Tafuta maambukizi, ikiwemo sitomegalovirusi, kirusi kinachoamka kinga ikishuka.