Tundu la chini halikurusha maji mbali kuliko mengine. Nimekosea wapi?

Chipukizi: Shikamooni. Kitabu chetu kina mchoro wa chupa yenye matundu matatu. La chini ndilo linalorusha maji mbali zaidi, kwa kuwa kanieneo, yaani msukumo kwa kila eneo, huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Nimejaribu mwenyewe. Maji yalikuwa na kimo cha sentimita 24, na matundu niliyatoboa kwa msumari wa moto kwenye sentimita 6, 12 na 18 kutoka kitakoni. Chupa niliisimamisha juu ya sinia. Tundu la katikati ndilo lililofikisha mbali, na maji ya juu na ya chini yakaangukia karibu pale pale! Nimerudia mara tatu. Ina maana kanieneo ya katikati ni kubwa kuliko ya chini?

Mwalimu wa Maabara: Marahaba. Hukukosea, na nimefurahi sana kwamba uliyaamini macho yako ukarudia. Kanieneo ya chini ndiyo kubwa, ila mahali maji yanapoangukia pana mambo mawili ndani yake: kasi ya kutokea na muda wa kuanguka.

Kwako, maji ya chini yanatoka kwa karibu mita 1.9 kwa sekunde, ya juu 1.1 tu. Lakini ya chini yana sentimita 6 tu za kuanguka, kwa hiyo yanagonga sinia baada ya sekunde 0.11. Ya juu yanapata sekunde 0.19 za kusafiri. Zidisha kasi kwa muda: yote yanafika kama sentimita 21. Ya katikati yanafika 24.

Sasa weka chupa ukingoni mwa meza, maji yaangukie sakafuni. Hapo muda wa kuanguka unakaribiana, na kasi ndiyo inayoamua. Tazama pia mchirizi pale pale unapochomoka tunduni: wa chini umenyooka, wa juu unajipinda mapema. Mimi huwaambia wanafunzi waangalie hapo kwanza.

Mdadisi: Na akitumia ndoo pana, si maji ni mengi zaidi na yanasukuma zaidi?

Mwalimu wa Maabara: Hapana, ndugu. Maji yakiwa mengi uzito unaongezeka, ila unagawanyika kwenye kitako kipana zaidi. Kila mita ya kina huongeza paskali (kipimo cha kanieneo) zipatazo 9,800, iwe ni bomba jembamba au ziwa.

Chipukizi: Mwalimu, mezani imekubali! La chini limeyashinda yote. Halafu nikajaza tena, nikafunga kizibo. Tundu la juu likaacha kutoa maji, likaanza kuingiza mapovu, na la chini likawa linatoa kinyonge.

Mwalimu wa Maabara: Hayo mapovu ni hewa ya nje. Ukifunga kizibo, maji yanayotoka yanaacha nafasi, hewa iliyonaswa juu inatanuka na kanieneo yake inashuka. Inafika mahali kanieneo ya ndani, usawa wa tundu la juu, inazidiwa na ya nje, na hewa inapenya. Kuanzia hapo, kina cha tundu la chini kinahesabiwa kutoka tundu la juu, si kutoka uso wa maji: sentimita 12 badala ya 18. Ndiyo maana limelegea.

Kizibo kikiwa bado kimefungwa, ziba matundu mawili ya juu kwa utepe, kisha lisubiri la chini. Utuandikie ulichokiona.