Tupeane uzoefu: mama wa bwana harusi, kazi yako ilikuwa nini?

Mama Watatu, Dar
Wapendwa, Desemba kijana wangu wa kwanza anaoa. Binti nilishamwoza, upande ule naujua: mkaja nilipewa, kicheni pati niliisimamia, kwenye sendofu nililia. Sasa niko upande wa pili na najiona mgeni kabisa. Kwenye vikao naulizwa mchango na sare tu. Mama wa kijana kazi yake hasa ni ipi? Sitaki kuambiwa naingilia, wala kuonekana nimesusa. Mliopitia nisimulieni, na nyie mliopokelewa na mama wakwe pia.

Bi Mkubwa wa Tanga
Dada yangu, posa na mahari ni mambo ya mshenga na wazee. Sanduku la zawadi za bibi harusi ndilo lako. Mimi nililijaza miezi: kanga, vitenge, udi, marashi, viatu, mpaka sabuni. Sasa ujue, likifika kwa kina bibi harusi halikai limefungwa. Shangazi mtu hukaa mkekani, anatoa kimoja kimoja, na kila kanga anaisoma jina lake kwa sauti.

Doti nane zilipita kwa vigelegele. Ya tisa ikasomwa: "Hasidi hana sababu." Kimya.

Mimi ile niliipendea rangi, zambarau na njano. Ilikuwa bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani, jina sikulisoma. Mawifi zangu waliopeleka walirudi hawaniangalii usoni. Nilitaka kutuma mtu, mume wangu akasema nenda mwenyewe. Nikajitanda buibui, nikatoa kabatini doti yangu ya "Wema hauozi", nikaenda kukaa kwenye mkeka uleule. Nikamwambia mama wa binti, "Mkwe wangu, macho yaliona rangi, maneno hayakuyaona. Nisamehe." Akanishika mkono, akamwita mwali. Akatoka ndani na singo usoni, akaipokea kwa mikono miwili, akajifunika palepale. Alipojifungua mtoto wa kwanza nilimkuta kajitanda ileile.

Kaka wa Moshi
Nasimulia ya mama yangu. Baba alishafariki. Kamati ikapanga baba mkubwa na mkewe wakae meza ya wazazi, mama akae nyuma na ndugu, eti mjane peke yake haipendezi. Mama hakusema neno kikaoni. Niliyekataa ni mimi, na najuta nilichelewa wiki nzima, wiki ambayo yeye aliibeba moyoni. Siku yenyewe alikaa mbele, baba mkubwa pembeni yake. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoletwa, majani mdomoni, mke wangu alikata kipande cha kwanza akamlisha mama. Kina mama, msikubali kupangiwa pa kukaa kwenye harusi za watoto wenu.

Mama Ubwabwa
Weka hela pembeni, mama. Mchele ukipungua watakuja kwako, hawaendi kwa mwenyekiti wa kamati.

Mke wa Kitinda Mimba
Mimi ni niliyepokelewa. Mama mkwe alichagua ukumbi, mpambaji, hadi rangi ya nguo za wasimamizi wangu. Niliumia, na mpaka leo nikiona zile picha naumia. Lakini alfajiri ya harusi simu ya kwanza ilikuwa yake: "Mwanangu, umekula?" Nyumba imejaa watu, hakuna aliyekuwa ameniuliza. Akaniletea uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, kwa bodaboda. Niliunywa nimekaa kitandani, nywele nusu zimesukwa.

Mama Watatu, Dar
Mke wa Kitinda Mimba, umeniliza. Ukumbi nawaachia wenyewe, uji nitapika. Kesho naenda Mtaa wa Uhuru kutafuta kanga. Bi Mkubwa, doti ngapi zinatosha?

Bi Mkubwa wa Tanga
Kadiri ya mfuko wako, hakuna anayehesabu kwa nia njema. Ila mwambie muuzaji akukunjulie kila moja, usome herufi kwa herufi, ndipo ulipe.