TZ90 au TZ100 iliyotumika: zumu ndefu au sensa kubwa?

jua_la_magharibi:
Wakuu, habari. Nachagua kati ya kamera mbili ndogo za Panasonic zilizotumika. TZ90 ina zumu ya 30x (24–720mm, tundu la lenzi f/3.3–6.4, namba ikikua tundu linapungua) na sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya inchi 1/2.3. TZ100 ina 10x tu (25–250mm, f/2.8–5.9), ila sensa yake ni ya inchi 1. Zote zina pikseli milioni 20 na zote zinatoa RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalichakata). Napiga ndege, mitaani, na picha za jioni. Ipi inafaa, na nikiishika mkononi nikague nini kabla ya kulipa?

nukta_na_duara:
Mkuu, hizo inchi zisikuchanganye. Angalia milimita: sensa ya TZ100 ni 13.2 × 8.8, ya TZ90 ni kama 6.2 × 4.6. Eneo linazidi mara nne, yaani stopu mbili za mwanga (kila stopu ni mwanga mara mbili). Chembechembe zinazochafua picha unazoziona TZ90 kwenye ISO 400 (ISO ni kiwango cha kuhisi mwanga), TZ100 utazikuta karibu na ISO 1600. Kwa picha za jioni, hapo mjadala umekwisha.

Kuna jingine ambalo boksi halisemi. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hupinda kingoni, na nukta ya mwanga inatua kwenye sensa ikiwa duara. Kwa f/6.4 duara hilo lina kipenyo cha mikroni 8 na ushee, wakati pikseli ya TZ90 ni mikroni 1.2. Nukta moja inasambaa upana wa pikseli saba! Kwa hiyo kwenye 720mm zile milioni 20 ni za kwenye karatasi. TZ100 kwa f/5.9 inasambaza upana wa pikseli tatu hivi.

manyoya:
Yote sawa, lakini kasema ndege. Ukikata picha ya TZ100 ya 250mm ili ilingane na 720mm, unabaki na pikseli milioni 2.4 tu. Jua likiwa kali na ndege ametulia, TZ90 itaonyesha manyoya ambayo TZ100 haina. Mawingu yakitanda, mambo yanageuka: f/6.4 kwa shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/1000 inadai ISO 800 hadi 1600, na kamera inapofuta chembechembe kwenye JPEG (picha iliyokwisha kuchakatwa) inayafuta na manyoya. Hapo piga RAW.

Na zumu ya kidijitali izime kwenye menyu. Ni kukata picha na kuitanua, kazi ambayo kompyuta inaifanya vizuri zaidi.

fundi_lenzi:
Kwenye ukaguzi, kosa la kawaida ni kupiga picha moja ya katikati na kuridhika. Lenzi hizi zina vioo vingi ndani ya mirija inayoingiliana. Kamera ikianguka, kioo kimoja kikilala kidogo tu, kona moja inalegea, yaani inapata ukungu, na katikati panabaki safi.

Tafuta ukuta wa matofali. Weka kamera kwenye tripodi, sambamba na ukuta, ISO ya chini kabisa, tundu wazi, taima ya sekunde 2, na kizuia mtikisiko ukizime. Piga zumu ikiwa mwanzo, katikati na mwisho. Kisha kuza kila kona hadi asilimia 100. Kona zote nne zikilegea kiasi sawa, ni hulka ya lenzi. Moja ikilegea peke yake, geuza kamera juu chini upige tena: ukungu ukibaki kona ileile ya fremu, lenzi ina kasoro, ukihamia kona nyingine, hukuiweka sambamba.

Usipime zumu ndefu kwa kitu cha mbali saa sita mchana. Hewa ya moto inatetema, utailaumu lenzi bure.

jua_la_magharibi:
Shukrani sana. Na vumbi? Nasikia hizi zinavuta.

fundi_lenzi:
Zinavuta kweli, kwa sababu lenzi ikitoka na kuingia inapumua kama pampu. Weka tundu dogo kabisa na zumu ya mwisho, toa fokasi, piga karatasi nyeupe yenye mwanga sawia. Madoa ya kijivu yanayobaki palepale kila picha ni vumbi juu ya sensa. Lenzi haibanduki kwenye kamera, kwa hiyo kipulizio hakifiki. Ni kuifungua kamera. Ukiyaona, achana nayo au shusha bei.

Halafu ingiza na kutoa zumu mara kumi huku unasikiliza. Mkwaruzo, au lenzi kusita katikati, ni mchanga kwenye gia.

manyoya:
Niongeze kioo cha kutazamia: kwenye zote mbili ni cha inchi 0.2, na ukitembeza jicho haraka rangi zinaachana kama upinde wa mvua. Si ubovu, ndivyo kilivyoundwa. Wengine kinawaumiza kichwa, kwa hiyo kitazame dakika tano nzima kabla hujaamua.