Pikipiki yangu ina kasoro ya breki kutoka kiwandani, wakala ananiambia nishuke nayo Kitonga niipeleke Dar

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa kimya nikitegemea suala hili litaisha kiungwana, sasa nimechoka. Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuificha.

Nipo Iringa. Pikipiki yangu niliinunua mpya, siyo mtumba, kwa wakala anayejitangaza kuwa mwakilishi halali wa kiwanda hapa nchini. Duka liko Dar. Nililipa pesa yote, nikapewa risiti ya EFD, kadi ikatoka kwa jina langu. Jina lake silitaji, maana nataka malalamiko yangu yaamuliwe panapohusika kwanza.

Kwenye grupu la WhatsApp la wamiliki mwenzetu aliyeko nje akatuma tangazo la kiwanda: pikipiki za toleo letu zirudishwe kwa mawakala, masta silinda ya breki ya mbele ina kasoro. Nikaingia kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe, nikaandika namba ya chasisi kama ilivyo kwenye kadi. Jibu likaja kwamba imo kwenye orodha na marekebisho bado hayajafanyika. Hawakusema pikipiki zinazofanana na yangu. Ni hii hii iliyopaki uani kwangu.

Kwa msioendesha, muelewe kinachozungumzwa hapa. Ukikamata mkono wa breki, pistoni ndani ya masta silinda inasukuma mafuta ya breki, mafuta yanasukuma kalipa, kalipa inabana pedi kwenye diski. Yote hayo yanawezekana kwa sababu mafuta hayashindiliki. Gesi inashindilika. Ikijikusanya humo hata kidogo, unakamata mkono unazama hadi kwenye hendeli na chombo kinaendelea na safari yake. Na ukifunga breki uzito unahamia mbele, ndiyo maana breki ya mbele inafanya sehemu kubwa ya kazi. Ukibaki na ya nyuma peke yake kwenye spidi 80 na lori limesimama mbele yako, huna breki wewe.

Na kasoro ya aina hii haijaanza leo. Mwaka 2013 Suzuki waliziita zirudishwe kwa marekebisho pikipiki zao za GSX-R za kuanzia 2004 hadi 2013, Marekani peke yake zilizidi laki mbili. Pistoni ya masta silinda ilikuwa inaliwa na kutu, kutu inazalisha gesi, na kwa jinsi tundu la mafuta lilivyowekwa ubavuni badala ya juu, gesi haikupata pa kutokea. Wamiliki walibadilishiwa masta silinda bila kutoa hela. Kwa hiyo mtu wa duka la pikipiki asinitazame kama nimeleta uzushi.

Sasa sikilizeni majibu niliyopewa.

Jibu la kwanza kwenye simu: "Hilo tangazo ni la Ulaya." Nikamwambia namba ya chasisi ni ya kwangu, nimeipata pikipiki kwenu, na tovuti ni ya kiwanda mnachokiwakilisha. Akasema atauliza. Hakurudi. Nikatuma barua pepe na picha ya kadi, picha ya risiti na picha ya jibu la tovuti. Kimya. Nikapiga tena, nikahamishwa kwa mtu mwingine, naye akaanza kunihoji kama mtuhumiwa: mafuta ya breki nilibadilisha lini, fundi gani, DOT ngapi (yaani daraja la mafuta hayo). Nina kumbukumbu zote za sevisi na nilimtajia. Lakini hata nisingekuwa nazo, hoja hiyo haina miguu. Harley-Davidson waliziita pikipiki zao zenye ABS (mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge ukikamata breki) za 2008 hadi 2011 mwezi Februari 2018, kama laki mbili na nusu duniani kote, na tatizo lilihusiana moja kwa moja na mafuta ya breki kukaa bila kubadilishwa kila miaka miwili. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilikuwa inachunguza tangu 2016 kwa sababu watu walikuwa wanakosa breki bila dalili yoyote. Mwishowe kampuni ilizirudisha, ikasafisha mfumo na kuweka mafuta mapya kwa gharama yake. Mteja hakuambiwa ni uzembe wako, pambana na hali yako.

Jibu la tatu ndilo lililonifikisha hapa. "Lete pikipiki Dar tuikague, spea ikifika tutakujulisha, gharama ya ufundi utalipia." Nikamuuliza naileta vipi. Akanijibu, "Si inatembea? Njoo nayo, endesha polepole tu."

Endesha polepole! Jamani, kutoka Iringa kwenda Dar unashuka Kitonga. Mnaoifahamu barabara ile hamhitaji maelezo. Kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, malori ya Zambia na Kongo yanapanda mengine yanashuka, breki zao zinanuka hadi unazisikia ukiwa ndani ya helmeti. Malori yenyewe yanafeli breki pale na watu wanakufa. Kisha nivuke Mikumi ambako nyati au twiga anaweza kuingia barabarani muda wowote, nipite Morogoro, Chalinze, Kibaha, niingie foleni ya Kimara. Karibu kilomita 500 kwa chombo ambacho waliokitengeneza wameandika kwa mkono wao kwamba breki yake inaweza kukataa. Ningefia pale Kitonga, taarifa ya polisi ingeandikwa mwendokasi na uzembe wa dereva. Nani angeenda kuangalia masta silinda?

Nikiisafirisha kwa Fuso nalipa mimi, kwenda na kurudi. Nikiiacha kwao nasubiri spea isiyo na tarehe. Halafu nilipie ufundi wa kutoa kitu ambacho wao ndio walioniuzia kikiwa kibovu. Hapana. Nilinunua pikipiki yenye breki, sikununua kasoro.

Na hili la kutojulisha wateja linaniuma kuliko hela. Wakati wa kusajili walichukua TIN, kitambulisho cha NIDA, namba ya simu. Kadi ina namba ya chasisi na jina langu, TRA wanayo, wakala anayo. Wakitaka kunitangazia ofa ya sikukuu meseji inafika asubuhi na mapema. Breki inayoweza kuniua, hakuna hata meseji moja. Mngeniambia tu "punguza matumizi tunashughulikia" ningewaheshimu.

Tena mimi nina simu janja na nipo kwenye grupu. Nawafikiria vijana wa bodaboda. Kijana yuko kwenye mkataba, pikipiki ya tajiri, kadi bado ina jina la mmiliki wa kwanza, huyo alishaiuza na namba ya simu amebadilisha. Kila asubuhi anabeba watoto watatu wa shule. Siku toleo lake likiitwa, nani atamfikia? Trafiki anamsimamisha, anaangalia leseni, helmeti na bima. Wiki ya Nenda kwa Usalama inapita, stika inabandikwa. Hakuna anayelinganisha namba ya chasisi na orodha yoyote, na kazi hiyo kwa kompyuta ni ya dakika chache.

Msimamo wangu ni huu. Pikipiki haitoki uani. Nimeandika barua ya madai kwa wakala, nakala naipeleka Tume ya Ushindani (FCC), nyingine TBS. Nataka spea na fundi waje Iringa, au waichukue na kuirudisha kwa gharama zao, na wanipe karatasi inayoonyesha namba ya chasisi na kazi iliyofanyika. Bila karatasi hiyo siku nikiiuza nitakuwa namuuzia mwenzangu kifo.

Wenye pikipiki yenye breki ya diski, chukueni kadi zenu mkaangalie namba ya chasisi kwenye tovuti ya kiwanda leo hii. Msisubiri kupigiwa simu. Ikiwa imo, piga picha ya jibu na hifadhi. Mkono wa breki ukianza kuwa laini au kuzama, usikubali fundi akupumpie breki na kukuambia iko poa.

Na kama kuna aliyewahi kupeleka lalamiko la chombo kibovu FCC, aniambie alipokelewa dawati gani, walimtaka vielelezo vipi na ilichukua muda gani hadi wakala akaitwa. Barua yangu iko tayari, inasubiri viambatanisho tu.