Dereva anayelazimisha kuvuka mto uliofurika ashtakiwe?

Swali: Wadau, tangu ile ajali ya mto Enziu kule Mwingi, Kenya, Desemba 2021, basi likazama na watu zaidi ya 30 wakafa, najiuliza mbona madereva bado wanalazimisha kuvuka mafuriko? Wapiga mbizi wanaoingia kuwatoa nao wana watoto nyumbani. Sheria iwabane?

Jibu 1: Iwabane kabisa! Arizona kule Marekani ukizunguka kizuizi ukakwama kwenye mafuriko unaweza kulipishwa gharama za kuokolewa.

Jibu 2: Mi hiyo ya bili naiogopa, mtu atachelewa kuita msaada akihofia deni na maji yanapanda. Ila dereva wa abiria ashtakiwe, hao amewabeba tu hawakuchagua, na serikali nayo ijenge madaraja jamani.

Jibu 3: Hapo kwa abiria niko na wewe.